SOMO LA KUNDE NA FUKUSI WAKE
Hukumu ya aibu iliyofichika ndani ya punje

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeumba kila kitu kwa kadiri yake, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema.

Ama baada ya haya, na ijulikane ya kuwa katika pwani ya Tanga, toka Moa na Mkinga hata Pangani na Kipumbwi, ni haba nyumba isiyoweka kunde, au choroko, au mbaazi. Mbaazi za nazi huliwa asubuhi kwa mahamri, choroko na kunde huwa kitoweo cha wali, na ukifika mwezi wa Ramadhani vyote hivi hutafutwa kwa ajili ya futari. Na kila mwenye kuweka kunde humjua fukusi wake. Lakini wengi humjua kwa sura tu, hawajui habari zake. Na kutojua huko huleta ugomvi baina ya Waislamu, na tuhuma, na viapo visivyokuwa na haja.

Na uchukuliwe mfano wa watu wawili, kama ilivyo ada ya wanazuoni katika vitabu vya fikihi, mmoja Zaidi na wa pili Amru. Zaidi ni mkulima wa upande wa Muheza. Masika yalipokwisha alivuna kunde zake, akazipura, akazipeta, akazianika juani siku mbili, akazitia katika magunia mawili. Punje zilikuwa nzima, hazina hata tundu moja. Siku ya nane baada ya kuvuna akamwuzia Amru, mwenye duka Tanga, gunia moja. Amru akatia mkono hata katikati ya gunia, akachota, akatazama, akaridhika, akalipa. Gunia la pili likabaki nyumbani kwa Zaidi.

Siku ya 12 tangu kununua, Amru akafungua gunia lake, akaona vidudu vinatembea juu ya kunde, na vumbi kama unga limejaa, na punje nyingi zina matundu ya duara kana kwamba zimetobolewa kwa keekee. Akamwendea Zaidi akamwambia, "Umenighushi." Zaidi akajibu, "Wallahi nimekuuzia kunde nzima, na macho yako yameshuhudia. Fukusi hawa wameingia dukani kwako." Basi wakaachana kwa ubaya, wakaacha kusalimiana, na wote wawili ni watu wa safu ya mbele msikitini.

Ni nani katika hawa aliyesema kweli? Jawabu haipatikani mpaka ajulikane huyu mdudu.

FASILI YA KWANZA: MDUDU MWENYEWE

Fukusi wa kunde si yule fukusi wa mahindi wala wa mchele. Yule wa nafaka ana pua ndefu mbele kama mkonga mdogo. Huyu wa kunde hana. Ni mdudu mfupi, urefu wake kama milimita 3, rangi yake ya kahawia yenye mabaka meusi. Mbawa zake ngumu za juu hazifiki mwisho wa mwili, hata ncha ya tumbo huonekana nje, mfano wa mtu aliyevaa kanzu fupi. Mtaalamu wa wadudu wa Ulaya, jina lake Fabricius, alimwandika kitabuni katika mwaka 1775, akamwita kwa Kilatini maculatus, maana yake mwenye madoa.

Jamaa zake ni wengi, na watoto wao hulelewa ndani ya mbegu, na zaidi mbegu za mimea izaayo maganda kama kunde. Wako wa maharage, ambao asili yao ni bara la Amerika, pamoja na maharage yenyewe. Na yuko mwingine akaaye katika kokwa za ukwaju, naye huingia hata katika njugu nyasa. Ama huyu wa kunde hupenda kunde kwanza, na choroko na mbaazi pia hazisalimiki naye.

Na la kuajabia ni hili: mdudu mzima, huyu anayeonekana akitembea juu ya gunia na kulaaniwa na kila mtu, hali kunde hata kidogo. Umri wake ghalani ni kama wiki moja au mbili, naye huumaliza bila kula. Kazi yake ni kuoana na kutaga. Mwenye kula ni mtoto wake, na mtoto huyo haonekani.

FASILI YA PILI: TUNDU NI MLANGO GANI

Jike hutaga mayai yake mojamoja, akayagandisha juu ya ngozi ya punje kwa utomvu wake. Kila yai ni dogo kama ncha ya sindano. Huweza kutaga mayai kadiri ya 100. Wala hangoji kunde zifike ghalani. Huruka akaenda shambani, na maganda yakianza kukomaa hutaga juu yake. Hivyo mkulima huvuna kunde pamoja na adui yake, wala hana habari.

Yai likianguliwa, mtoto hatoki nje akaonekana. Hutoboa chini ya yai lenyewe, akapenya ngozi ya punje, akaingia ndani moja kwa moja. Na vumbi la kutoboa hulijaza ganda la yai, nalo likawa jeupe. Kwa sababu hiyo mlango wake wa kuingilia umefunikwa na ganda la yai, nao ni mwembamba hata jicho haliuoni. Ndani ya punje hula, akakua, akajivua ngozi mara kadha wa kadha, na akikaribia kukomaa hula mpaka chini ya ngozi ya nje, akaacha utando mwembamba mfano wa dirisha lililofungwa. Hapo hugeuka akawa mdudu mwenye mbawa. Kisha huukata ule utando kwa duara, akausukuma, akatoka.

Basi tundu lile ambalo watu huliona na kusema, "Fukusi ameingia," si mlango wa kuingilia. Ni mlango wa kutokea. Siku linapoonekana tundu, kazi imekwisha kutendeka ndani kitambo.

Na muda wa mambo haya yote, toka yai kutagwa hata mdudu kutoka, katika joto la pwani ni karibu ya mwezi mmoja. Haupungui siku 20, na penye baridi huwa mrefu zaidi. Na idadi yao hukua upesi. Mtu akikadiria mayai 100 ya jike mmoja, na nusu yake majike, na wote wakaishi, basi baada ya kizazi kimoja ni majike 50, na baada ya cha pili ni majike 2,500. Si wote huishi, lakini hesabu hii yaonyesha kwa nini gunia lililokuwa zuri mwezi huu huwa unga mwezi wa tatu.

Na wako wasemao ya kuwa fukusi huzaliwa na kunde yenyewe, au na joto, au na gunia kuukuu. Dhana kama hiyo ilikuwa kwa watu wa nchi nyingi zamani, hata katika mwaka 1668 tabibu wa Italia, Francesco Redi, akaweka nyama katika vyombo, vingine wazi na vingine vimefunikwa. Funza wakaonekana katika vile vya wazi tu, walivyofikiwa na nzi. Kadhalika fukusi: kila mmoja ana mama, na mama yake alikuja kutaga.

FASILI YA TATU: MASWALI YA SHARIA

Swali: Je, Zaidi alighushi?

Jawabu: Kughushi ni kuficha aibu unayoijua. Imesimuliwa kwa Abu Huraira, katika Sahihi ya Muslim, ya kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Akamwuliza mwenyewe, naye akasema ni mvua iliyokinyeshea. Mtume akamlaumu kwa kutokiweka kile kilicholowa juu, watu wakakiona, akabainisha ya kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Yule mtu alijua palipo unyevu. Zaidi hakujua. Basi Zaidi hakughushi, na Amru alipomwita mghushi alimdhulumu kwa ulimi, na ni juu yake kumtaka radhi.

Swali: Ikiwa hakughushi, je, kunde ni halali kurudishwa?

Jawabu: Hili ni jambo jingine. Haki ya mnunuzi kurudisha mali kwa ajili ya aibu haikusimama juu ya dhambi ya mwuzaji. Imesimama juu ya aibu yenyewe, ikiwa ilikuwako kabla mali haijapokewa. Na Imamu Nawawi katika Minhaj amebainisha ya kuwa aibu iliyozuka baada ya kupokea haimpi mnunuzi hiari ya kurudisha, ila ikiwa yategemea sababu iliyotangulia. Sasa na itazamwe kunde ya Amru. Matundu yalionekana siku ya 12, na mdudu hatoki ndani ya punje kabla ya siku 20 tangu yai lake. Kwa hiyo mayai yale yalitagwa kabla ya Amru kununua. Tundu ni jipya, sababu yake ni ya zamani.

Swali: Na kama wameshindana, mmoja asema aibu ni ya zamani, mwingine asema ni mpya?

Jawabu: Ikiwa yamkini kuwa hivi au hivi, asadikiwaye ni mwuzaji pamoja na kiapo chake. Lakini ikiwa hali yenyewe hairuhusu ila neno moja, kama mtumwa wa zamani zile aliyeonekana ana kidole cha ziada, ambacho hakuna awezaye kusema kimeota jana, basi husadikiwa mnunuzi bila kiapo. Na matundu yaliyoonekana katika siku chache baada ya kununua yafanana na kidole kile. Ama gunia likikaa kwa mnunuzi miezi miwili au mitatu, huenda jike ametoka katika gunia jingine la dukani akataga humo; hapo shaka imeingia, na neno ni la mwuzaji kwa kiapo chake. Na hukumu ya watu wawili mahususi ni kazi ya kadhi, baada ya kuwasikia wote wawili.

Swali: Mwuzaji akisema, au akiandika juu ya karatasi ya duka, ya kuwa mali ikiuzwa hairudishwi, je, amesalimika?

Jawabu: Katika kauli iliyo dhahiri ya madhehebu ya Shafi, sharti hiyo humsalimisha mwuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua, haimsalimishi katika mali nyingine. Kunde si mnyama, ijapokuwa mnyama yumo ndani yake.

Swali: Mnunuzi afanyeje akiona aibu?

Jawabu: Airudishe upesi, wala asiitumie wala asiiuze baada ya kujua, akichelewa bila udhuru, haki yake imepotea. Na ikiwa kunde zimekwisha kuliwa kabla hajajua, basi hurejeshewa sehemu ya thamani kwa kadiri ya upungufu. Na akipasua punje mbili tatu kutazama ndani, hilo halimzuii kurudisha, kwani wanazuoni wamelisema katika yai, na katika nazi, na katika tikiti lenye funza, ya kuwa kilicho ndani hakijulikani ila kwa kuvunja.

Swali: Kunde iliyopikwa ikaonekana ina mtoto wa fukusi ndani, je, ni haramu?

Jawabu: Kauli sahihi katika madhehebu ni kuwa mdudu aliyezaliwa ndani ya chakula, naye hajaachana nacho, ni halali kuliwa pamoja nacho, kwa uzito wa kumtenga, wala si halali kuliwa peke yake. Ama fukusi mzima aliyetoka akawa anatembea huondolewa kabla ya kupika. Na akifia ndani ya maji au mchuzi, basi hautiwi najisi naye, kwa kuwa hana damu ya kuchuruzika, maadamu hakutiwa kwa kusudi wala hakugeuza hali ya kitu kile. Kwa hiyo mke asilaumiwe kwa kunde moja, wala sufuria nzima isimwagwe.

Swali: Je, zaka yaweza kutolewa kwa kunde zilizobunguliwa?

Jawabu: Kunde na choroko zimo katika mazao ya zaka katika madhehebu ya Shafi, kwa kuwa huliwa na huwekwa akiba. Nisabu yake ni wasaki 5, nazo ni saa 300, ambazo wanazuoni wengi wa siku hizi huzikadiria kama kilo 650. Zilizopata maji ya mvua hutolewa sehemu moja katika kumi, na zilizonyweshwa kwa gharama nusu ya hiyo. Na Mwenyezi Mungu, katika sura ya Baqara aya ya 267, amewakataza waumini kuchagua kibaya cha mali zao wakakitoa. Mwenye kungoja mpaka gunia moja limeliwa na fukusi, kisha akawapelekea mafakiri gunia hilo na yale mazima akayaweka, amewapa maganda na vumbi, akajihesabia ametoa chakula.

FASILI YA NNE: KUHIFADHI MALI

Kupoteza mali kumekatazwa, na kuweka akiba ya chakula cha nyumbani ni sunna, kwani Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Basi na zijulikane njia hizi.

Kwanza, kunde zivunwe zikikauka tu, zisiachwe shambani kungoja nafasi, kwani kila siku ya kuchelewa ni siku ya kutagiwa. Na ghala ifagiwe, na kunde za mwaka uliopita zisiwekwe pamoja na mpya. Nabii Yusuf (a.s.) aliwafundisha watu wa Misri kuacha mavuno katika masuke yake ila kidogo cha kula, na kunde iliyoachwa ndani ya ganda zima lisilopasuka, fukusi hupata taabu kuifikia, japo haisalimiki kabisa.

Pili, jua. Kuanika juu ya jamvi hukausha punje, lakini hakumwui aliye ndani. Joto limwualo ni la digrii 57 kwa muda wa saa moja. Hupatikana penye jua kali kwa kutandaza plastiki nyeusi chini, kunde zikatandazwa nyembamba juu yake, kisha zikafunikwa kwa plastiki ing'arayo, na kando zote zikakandamizwa kwa mawe.

Tatu, majivu. Kwa kunde chache, vibaba 4 vya kunde huchanganywa na vibaba 3 vya majivu makavu yaliyochungwa, vikashindiliwa katika mtungi, na juu yake yakawekwa majivu matupu. Fukusi hashindwi na sumu ya majivu, bali hukosa nafasi ya kutembea na kuoana.

Nne, mafuta ya kula. Kijiko kidogo kimoja kwa kilo moja ya kunde, zikachanganywa vyema mpaka kila punje ing'ae. Mafuta huua mayai.

Tano, kuzuia hewa, nayo ndiyo njia iliyo bora kwa magunia. Tangu mwaka 1987, Larry Murdock wa chuo kikuu cha Purdue, Marekani, pamoja na wenzake, waliichungua njia hii katika nchi ya Kameruni kwa ajili ya kunde hizihizi, na leo mifuko yake hutumika Tanzania pia. Mfuko una tabaka tatu, mbili za plastiki ndani na gunia nje, na kila tabaka hufungwa peke yake baada ya kutolewa hewa. Fukusi waliomo huimaliza hewa safi iliyobaki. Hapo huacha kula. Na kwa kuwa maji ya miili yao huyapata kwa chakula pamoja na hewa, hukauka wakafa. Asiye na mfuko atumie dumu au pipa lenye kifuniko cha kukaza, alijaze hata ukingoni, wala asilifungue kila siku.

Ama vile vidonge vya sumu vitoavyo moshi, visitiwe katika kunde za nyumbani, wala katika chumba cha kulala watu wala cha jirani yake. Moshi wake huua wanadamu kama uuavyo wadudu, na nafsi ya mtoto aliyelala haipimwi kwa gunia.

KHATIMA

Basi na warudiwe Zaidi na Amru. Zaidi alisema kweli ya kuwa aliuza punje nzima kwa kadiri ya macho yake, na Amru alisema kweli ya kuwa fukusi walitoka kwa Zaidi. Kila mmoja alishika nusu ya kweli, akaapa juu yake. Iliyo haki ni Zaidi kulipokea gunia na kurudisha fedha, na Amru kuliondoa lile neno la kughushi mbele ya wale wale waliolisikia.

Lakini limebaki gunia la pili nyumbani kwa Zaidi, lililotoka shamba moja na la kwanza, likavunwa siku moja. Pengine bado punje zake ni nzima kwa kutazama. Juzi lilikuwa gunia tu. Leo, baada ya kujua, limekuwa amana. Akilichota na kulitazama kwa makini akaona vidoa vyeupe juu ya ngozi za punje, hayo ni maganda ya mayai, na wenyewe wamo ndani. Si halali kwake kulipandisha gari kwenda Korogwe, au kulipakia jahazi kwenda Pemba, ambako hakuna amjuaye, akaliuza upesi kabla matundu hayajafunguka. Alipouza la kwanza alikuwa asiyejua. Akiuza la pili kwa kunyamaza, ndiye yule mwenye chungu ya chakula kilicholowa chini. Na dalali aliyejua habari yake naye hasalimiki kwa kunyamaza, kwani kubainisha aibu ni wajibu wa kila aijuaye.

Njia yake ni nyepesi: alisafishe juani kama ilivyoelezwa, au alifunge pasipo hewa, kisha akimpata mnunuzi amwambie, "Kunde hizi zilikuwa na mayai ya fukusi, nimezifanya hivi na hivi, tazama ujionee." Huenda bei ikapungua shilingi kadha wa kadha. Kilichopungua ni fedha, na kilichosalia ni dini yake, na salamu yake na Amru katika safu ya mbele.

Mwenyezi Mungu atujaalie kujua na kuitenda haki katika mizani zetu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

TAMATI